Kuiacha Kazi Ingali Tamu

Mtu aliyechoshwa na kazi yake hahitaji shauri la gazeti. Atahesabu siku zake, ataandika barua, na siku ikifika ataondoka pasipo kugeuka nyuma. Leo twataka kuzungumza na mtu wa namna nyingine. Huyu ni askari au polisi aamkaye kabla tarumbeta haijalia kwa kuwa aipenda kazi yake. Wakubwa wake humsifu, vijana humsikiliza, na mwili wake ungali na nguvu. Hakuna amfukuzaye. Lakini amefikia umri ambao sheria humruhusu kuondoka kwa hiari, na usiku, watoto wakiisha kulala, yeye na mkewe hurudia swali lile lile: twende sasa, au tungoje?

Swali hili ni la nyumba nzima, ndiyo sababu tumelileta katika kurasa hizi. Wala lisisomwe na akina baba peke yao, maana akina mama wenye sare na vyeo siku hizi si wachache, na waume zao nao wana neno la kusema.

Tuanze na sheria kwa ufupi. Katika Uganda, mtumishi wa serikali kwa kawaida hustaafu atimizapo miaka 60, lakini aliyefikia miaka 45 na kutumikia si chini ya miaka 10 aweza kuomba kustaafu mapema na kupata pensheni yake. Kwa jirani zetu mlango wa hiari hufunguliwa baadaye kidogo: Kenya ni miaka 50, na Tanzania ni miaka 55. Jeshi lina taratibu zake, ambamo umri huambatana na cheo na ruhusa hutoka juu. Askari hawezi kuiacha kazi jinsi mpishi wa hoteli aachavyo sufuria. Huomba, kisha hungoja ajibiwe. Kwa hiyo mwenye nia ya kuondoka hana budi kufikiri mapema kuliko raia.

Basi, mtu afikirije? Wengi huuliza, "Je, ningali naipenda kazi?" Nionavyo mimi, swali hilo halifiki mbali. Mtu aweza kuipenda kazi hadi siku ya kuzikwa. Swali lifaalo ni hili: ni kitu gani hasa anachokipenda katika kazi hiyo?

Tumchukue sajini fundi wa magari katika karakana ya kambi. Akisikia injini ikikohoa, moyo wake huchangamka kabla hajafungua boneti. Mtu huyu anapenda ufundi, na ufundi utatoka naye langoni bila kuulizwa na mlinzi. Mjini kwao magari yapo, na pikipiki ndizo zisizo na hesabu. Hali kadhalika mpiga tarumbeta wa bendi, mwuguzi wa zahanati ya kambi, mwalimu wa mazoezi ya viungo, na hata karani ajuaye kupanga mafaili. Watu kama hawa wakistaafu mapema hawaiachi kazi yao, huihamisha.

Mwingine hupenda watu. Raha yake ni wenzake aliolala nao porini, mzaha wa mesi, na kule kuitana majina ambayo wake zao hawayajui. Huyu ataumia zaidi, na maumivu yake yafaa yaheshimiwe. Lakini na ajue kwamba wenzake nao wataondoka, mmoja mmoja, kwa uhamisho au kwa kustaafu. Akikaa miaka kumi zaidi kwa ajili yao, aweza kujikuta amekaa na wageni.

Wa tatu hupenda saluti. Hatumcheki, kwa maana heshima iliyopatikana kwa jasho ni tamu, na nani asiyeipenda? Lakini cheo hubaki langoni. Kule kijijini wazee watamwita mwanetu, na mbuzi hawatasimama wima apitapo. Mtu wa namna hii hataona kamwe siku inayofaa kuondoka, kwa kuwa kila mwaka saluti huzidi kuwa nyingi. Kwake yeye yafaa mke aseme, naye akubali kusikia.

Mfano wa mtu aliyeshindwa kukaa mbali na shangwe ni Muhammad Ali. Mwezi wa Septemba 1978, mjini New Orleans, alimshinda Leon Spinks akatwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa mara ya tatu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kabla yake. Mwaka 1979 akatangaza kustaafu. Kama angebaki nyumbani, hesabu ingefungwa pale, na hesabu nzuri mno. Lakini tarehe 2 Oktoba 1980 alirudi ulingoni mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 38, kupigana na Larry Holmes, kijana aliyekuwa zamani mwenzake wa mazoezi. Alipigwa raundi baada ya raundi, hata baada ya ile ya kumi wasaidizi wake wakalisimamisha pambano. Haikutosha. Desemba 1981 alipigana tena, huko Bahama, akashindwa na Trevor Berbick. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Hatuna haki ya kusema kwamba mapigo yale mawili ya mwisho ndiyo yaliyouleta, lakini hakuna mtu aliyeyaona ambaye hakutamani yasingalitokea.

Kwa upande mwingine yuko polisi ambaye Afrika Mashariki nzima inamjua, Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi katika jeshi la polisi. Mwaka 1968 mjini Mexico alishinda medali ya dhahabu ya mita 1500. Mwaka 1972 mjini Munich akatwaa dhahabu ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, na fedha katika mita 1500. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 33, aliyaacha mashindano ya ridhaa, akakimbia kwa muda mfupi katika mbio za kulipwa, kisha akatulia. Hakuingoja siku ambayo vijana wangempita uwanjani na watazamaji wakamwonea huruma. Akawa mwalimu wa wakimbiaji wa nchi yake, na karibu na Eldoret yeye na mkewe Phyllis wakawalea watoto yatima kwa miaka mingi. Mwaka 1999 ilifunguliwa huko shule ya msingi yenye jina lake. Keino alikuwa na mahali pa kwenda, na mke aliyekuwa na kazi ile ile mikononi.

Nasi nyumbani tunaye Joshua Cheptegei, naye mtumishi wa jeshi la polisi. Agosti 2024 mjini Paris alishinda dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi mpya ya Olimpiki. Alikuwa na miaka 27 tu, na akasema kwamba sasa anaacha mbio za uwanjani, anageukia mbio za barabarani. Wako waliosikitika. Lakini tazama jambo hili: Desemba 2023, kabla ya Paris, alikuwa amekwisha jaribu marathoni yake ya kwanza huko Valencia. Ile barabara aliyoiendea alikuwa ameikanyaga kwanza kwa miguu yake mwenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Siku ya kuondoka haitafutwi moyoni. Hutafutwa kule uendako, na hupatikana pale ambapo kule kumekwisha simama. Moyo upendao kazi utasema "mwakani" kila mwaka, na moyo uliochukizwa na bosi mpya utasema "leo" bila kutazama jikoni kuna nini.

Tutazame basi jikoni, tukianza na fedha. Kanuni ya pensheni iliyotumika katika utumishi wa serikali ya Uganda kwa miaka mingi ni hii: chukua mshahara wa mwaka, zidisha kwa idadi ya miezi uliyotumikia, gawanya kwa 500. Jibu ni pensheni ya mwaka. Theluthi moja ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 15 na kulipwa mara moja, nayo ndiyo kiinua mgongo. Theluthi mbili zilizobaki hugawanywa kwa miezi 12 na kulipwa kila mwezi. Mwisho wa kuhesabiwa ni miezi 435, yaani miaka 36 na miezi mitatu. Azidishaye hapo hupata mshahara tu, wala pensheni haipandi tena kwa ajili ya miaka.

Tuseme askari wetu hupata shilingi 600,000 kwa mwezi, naye ametumikia miaka 20. Mshahara wa mwaka ni 7,200,000. Mara 240, gawa kwa 500, ni 3,456,000. Kiinua mgongo chake kitakuwa 17,280,000, na pensheni ya kila mwezi 192,000. Akikaa miaka mitano zaidi kwa mshahara ule ule, kiinua mgongo kitakuwa 21,600,000 na pensheni 240,000. Kwa hiyo miaka mitano ya jasho humwongezea shilingi 48,000 kwa mwezi. Wengi wakiiona hesabu hii hucheka na kusema, "Kumbe ni kidogo! Twende zetu."

Wasiharakishe. Hesabu ina upande wa pili. Akiondoka leo, kila mwezi wa miaka ile mitano atapokea 192,000 badala ya 600,000. Upungufu ni 408,000 kila mwezi, na juu yake kodi ya nyumba, kwa maana nyumba ya kambini haikuwa na kodi. Je, shamba, duka au karakana yaweza kuleta kiasi hicho, tena kuanzia mwezi wa kwanza? Kama yaweza, hakuna cha kungoja. Kama haiwezi, basi kiinua mgongo ndicho kitakacholiwa. Milioni 17 zikichotwa 408,000 kila mwezi huisha kabla ya miaka minne, hata pasipo msiba wala harusi.

Kuna na jambo ambalo wengi hulisahau. Pensheni huhesabiwa kwa mshahara, na mshahara hufuata cheo. Tuseme kupandishwa cheo kuko karibu, na mshahara utakuwa 750,000. Akingoja mwaka mmoja tu, hata atimize miezi 252, pensheni yake ya mwaka itakuwa 4,536,000, na ya kila mwezi 252,000. Mwaka mmoja wenye cheo umeipita miaka mitano isiyo na cheo. Lakini kwanza karani wa pensheni athibitishe kwa maandishi kwamba mshahara mpya ndio utakaohesabiwa, kwa maana dhana haiivishi maharagwe.

Halafu madeni. Mkopo uliokatwa kwenye mshahara hautakoma kwa sababu mwenyewe amestaafu. Yafaa mume amwonyeshe mkewe karatasi zote, pamoja na ule mkopo ambao hajawahi kumwambia. Nyumba nyingi huvunjika mwaka wa kwanza wa kustaafu, si kwa uchache wa fedha, bali kwa deni lililotokea kama nyoka kutoka kwenye dari.

Sasa twafika kwa mama, ambaye katika mashauri mengi ya kustaafu huitwa mwishoni ili afunge mizigo. Hilo ni kosa kubwa. Mke wa askari aliyekaa kambini miaka kumi na mitano ana kazi yake hapo. Huuza chapati na chai karibu na lango, au hushona sare za shule, au husuka nywele za wake wenzake siku ya Jumamosi. Wateja wake ni watu wa kambi, waijuao nyumba yake na siku ya mshahara. Ana chama cha wanawake wanaochangiana kila mwezi, na zamu yake ya kupokea huenda ni mwezi wa saba. Ana jirani ampaye chumvi na kumtazamia mtoto. Mume akistaafu, mke naye hustaafishwa siku hiyo hiyo, bila barua, bila kiinua mgongo, bila bendi.

Kwa hiyo hesabu ya upungufu tuliyoifanya haijakamilika mpaka iongezwe kile alichokuwa akikipata mama. Kama chapati zake zilileta 150,000 kwa mwezi, basi pengo ni 558,000. Mume asemaye "Wewe utaanza tena kule" aulizwe: kule ni wapi, barabara iko wapi, na nani hununua chapati kijijini saa moja asubuhi wakati kila nyumba imepika mihogo yake? Huenda kule kinachotakiwa si chapati bali cherehani. Ni heri mama aende kwanza, akae wiki mbili, atazame soko kwa macho yake.

Na watoto wahesabiwe. Mtoto aliye darasa la saba asihamishwe katikati ya mwaka. Amalize mtihani wake, ndipo mizigo ipakiwe.

Tumezungumza juu ya shamba kana kwamba liko tayari. Mara nyingi haliko. Kahawa huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi tangu kupandwa. Migomba hutoa mikungu yake ya kwanza baada ya mwaka mmoja au mwaka na nusu. Aliyepanga kuondoka baada ya miaka mitatu na apande mwaka huu, na likizo zake zote zielekee huko. Lakini si likizo ya Krismasi, wakati watu wote wanakula na kila mgeni ni mfalme. Achukue likizo ya majira ya mvua, mwezi wa Aprili, njia zikiwa tope na jembe likiwa zito, akae huko siku zote thelathini pamoja na mkewe. Ndipo atajua kama alikuwa akilipenda shamba au alikuwa akilipenda akiwa mbali.

Jaribio la pili ni gumu zaidi, nalo ni zuri. Kwa miezi sita kabla ya kuandika barua, nyumba iishi kwa kiasi kile cha pensheni pamoja na kile ambacho shamba na mama huleta hivi sasa. Mshahara uliobaki uwekwe katika chama cha akiba, usiguswe. Nyumba ikiweza kupita miezi sita bila kukopa dukani, imejijibu. Ikishindwa mwezi wa pili, nayo imejijibu, na hakuna aliyeumia. Tena akiba hiyo itahitajika, maana mara nyingine malipo ya kwanza ya pensheni huchelewa kwa miezi, na tumbo halisomi barua za ofisi.

Pengine msomaji atasema kwamba mashauri haya yote ni ya fedha, na kwamba swali lilikuwa la mapenzi. Ni kweli. Mtu aliye na kila kitu tayari aweza bado kusita kwa kuwa anaipenda kazi, na kusita huko si ujinga. Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania aliuacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita hivi tu baada ya uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa, ili aende kukijenga chama. Mwaka 1985 aliuacha urais akiwa na miaka 63, hali hakuna aliyemtaka aondoke, akarudi kijijini Butiama kulima. Lakini hakuacha vyote kwa siku moja. Uenyekiti wa chama aliendelea nao mpaka 1990, na miaka ya mwisho ya uhai wake, hadi alipofariki Oktoba 1999, alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi huko Arusha. Kile alichokipenda katika kazi aligawanya na kuchagua: hiki nabaki nacho, hiki nawaachia wengine.

Na ndugu askari wetu aweza kufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Fundi wa karakana amfundishe koplo wake kwa mwaka mzima, amwachie injini ngumu, yeye asimame pembeni mikono nyuma. Siku koplo atakapoitengeneza ile lori bila kuuliza, sajini atasikia uchungu kidogo na furaha nyingi. Akisikia uchungu tupu, angoje kidogo na ajichunguze. Kama amebaki peke yake ajuaye kazi ile, asiondoke kwanza. Si kwa sababu ya mapenzi, bali kwa sababu wako vijana watakaopanda lori lile.

Kwa mama tuna neno la mwisho la siku za mwanzo. Mzee atakuja nyumbani na saa yake ya kambi. Ataamka saa kumi na moja, atakagua kuni, atapanga masufuria kwa urefu, na atauliza kwa nini ufagio hauna mahali maalumu. Asichekwe mbele ya watoto, wala asiachiwe jiko. Apewe kazi yenye mwanzo na mwisho: uzio, zizi, choo kipya, mfereji wa maji ya mvua.

Na barua yenyewe, wakati wake ukifika, iandikwe miezi sita au zaidi kabla ya siku inayotakiwa, ipitie kwa mkuu wa kituo au wa kikosi, iwe na namba ya utumishi, tarehe ya kuandikishwa na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyo katika kumbukumbu za kwanza. Ziandikwe nakala tatu. Moja yenye mhuri wa kupokelewa akae nayo mama.